Superman Amekufa, na Mimi Nina Manung'uniko

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Uliponipa The Death of Superman, kile kitabu cha katuni, uliniambia nisikuandikie neno mpaka nifike ukurasa wa mwisho. Nimefika jana usiku, na leo asubuhi nimeirudia nusu ya pili, maana kuna kitu kilinibana kifua nisijue ni nini.

Nimekijua: ni idadi ya picha. Hebu fungua matoleo manne ya mwisho kati ya yaliyokusanywa humo, uhesabu picha. La kwanza lina picha nne kila ukurasa, linalofuata tatu, kisha mbili, na lile la kifo chenyewe, Superman namba 75 lililotoka Novemba 1992, picha moja tu kwa ukurasa. Kadiri jamaa anavyoishiwa nguvu ndivyo picha zinavyokua, nawe unazidi kufunua kwa haraka bila kujijua. Dan Jurgens ndiye aliyeliandika na kulichora, na kwa hilo namvulia kofia. Mwisho nimeanza kuusikia vidoleni kabla sijausoma.

Sasa huyo Doomsday, adui anayemwua. Mwanzoni ni ngumi tu inayogonga ukuta chini ya ardhi, na hapo nilitetemeka kweli. Kisha anatoka, anavunja, anaua, anaendelea kuvunja. Hana kisasi na mtu, hana anachokitaka. Unajua kwa nini anaelekea Metropolis, mji wa Superman? Ameona tangazo la mieleka kwenye televisheni! Nilicheka, halafu nikakasirika. Miaka zaidi ya hamsini ya maadui wenye akili, Lex Luthor akiwemo, na anayekuja kumwua Superman ni dubwana ambalo hata asili yake ilibidi isubiri kitabu kingine baadaye.

Nadhani chanzo kinajulikana. Waandishi walikuwa wamepanga kuwaozesha Clark, yaani Superman mwenyewe akivaa kiraia, na mchumba wake Lois, harusi ikaahirishwa kungojea tamthilia ya televisheni, na pengo likahitaji tukio kubwa. Jerry Ordway, mmoja wa waandishi hao, alikuwa na mzaha wake wa siku zote kwenye vikao vya kupanga hadithi, kwamba wamwue tu, na safari hiyo wakamsikiliza. Ukishalijua hilo unaliona kitabuni: kifo kimewekwa mahali pa harusi, kwa hiyo hakimjibu Superman swali lolote la maisha yake.

Isipokuwa mara moja. Unakumbuka yule kijana aliyemdharau, nyumba yao inateketea na mama yake na mtoto mchanga wamo hatarini? Superman yuko nyuma ya dubwana, anasikia akiitwa, inabidi achague. Anarudi kuwaokoa. Hapo ndipo hadithi ilipopata moyo, na ningetoa ngumi ishirini nipate kurasa tatu zaidi za namna hiyo.

Jambo jingine dogo, ila limenichosha: kitabu kinakudhania unawajua wote. Lex ana ndevu nyekundu na anajiita mwanawe mwenyewe, Supergirl anampenda, na hakuna anayekushika mkono kukueleza. Wasomaji wa wakati ule walikuwa wakifuata kila wiki, hawakuhitaji. Sisi tuliokuja kukisoma kikiwa kimeshonwa pamoja ni kama wageni tulioingia msibani tusimjue mfiwa ni yupi.

Na hata huo msiba hatuupati! Superman anakata roho mikononi mwa Lois, mbele ya jengo la gazeti la Daily Planet, kitabu kinafungwa. Mazishi yamo katika kitabu kinachofuata. Wewe uliyapata yote, ndiyo maana unakisifu kuliko mimi. Umekisoma ukiwa na machozi ya kitabu cha pili.

Basi kile cha matanga niletee. Hiki nitakaa nacho kidogo, nataka kumwonyesha mdogo wangu zile kurasa za mwisho, bila kumwambia chochote kuhusu hesabu ya picha.

Wako,
Sahibu yako