Amirani si kivuli cha Prometheus

Mhariri,

Imeniuma kusoma kwamba hekaya za Georgia ni nakala tu za Wagiriki. Ni kweli Amirani, shujaa wa hekaya hizo, kama Prometheus wa hekaya za Kigiriki, alifungwa minyororo katika milima ya Kaukazi. Lakini masimulizi mengi humtaja mama yake kuwa Dali, mungu wa uwindaji mwenye nywele za dhahabu, mlinzi wa mbuzi-mwitu wa majabali ya Svaneti, eneo la milimani huko Georgia. Mbwa wa Amirani, Kursha, huulamba mnyororo hadi ukaribie kukatika. Ndipo wahunzi hugonga fuawe Alhamisi Kuu ili ukaze tena. Alhamisi Kuu! Ukristo, uliopokewa huko karne ya 4, uliingia humo humo bila kumfukuza Dali. Majitu ya hekaya hizo yaitwayo devi nayo yana asili ya Uajemi. Wageni walipokewa, wenyeji wakabaki. Hao si wanakili.

Mwalimu wa historia, mstaafu