Msituandikie "shaba" mkaishia hapo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu kurasa zenu za sanaa. Waandishi wenu wakielezea sanamu hutuambia nani kaitengeneza, mwaka gani na inafanana na nini. Malighafi iliyotumika kuitengeneza hutajwa kwa neno moja tu, tena mwishoni. Inasikitisha, maana mara nyingi ujumbe wenyewe umo humo.

Chukueni mfano wa vichwa vya shaba vya ufalme wa Benin, katika Nigeria ya leo, ambavyo Waingereza walivipora mwaka 1897. Kwa Waedo, watu wa ufalme huo, shaba haikuwa kitu cha kutolea sura tu. Haioozi wala hailiwi na kutu kama chuma, na wekundu wake unaong'aa ulihesabiwa kuwa na nguvu ya kutisha na kufukuza maovu. Ndiyo maana kichwa cha mfalme aliyefariki kiliwekwa madhabahuni kikiwa cha shaba: mtu amekwenda, ufalme upo. Juu yake ilisimikwa pembe ya ndovu iliyochongwa, na weupe wake ni usafi, ni rangi ya Olokun, mungu wa bahari. Na shaba nayo ilikuja kwa bahari. Wareno waliileta ikiwa bangili nzito ziitwazo manila, ambazo uchunguzi wa kikemia uliochapishwa 2023 umezifuatilia hadi kwenye madini ya Rhineland, Ujerumani. Bangili hizohizo zilinunulia watumwa. Ukitazama sura peke yake, hayo yote yanakupita.

Au kiti cha enzi alichounda Cristóvão Canhavato wa Msumbiji mwaka 2001, kilichopo kwenye jumba la makumbusho la British Museum, London. Kimeungwa kwa vipande vya bunduki zilizosalimishwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha 1992. Aliyeleta silaha alipewa jembe, baiskeli au cherehani. Tazameni juu ya egemeo: matundu ya skrubu kwenye kitako cha bunduki yamekuwa macho, na mwanya wa kupitishia mkanda umekuwa mdomo unaotabasamu. Kingechongwa kwa mbao, kwa umbo lilelile, kingekuwa kiti kizuri tu. Kwa chuma kile, ambacho hakikutengenezwa Msumbiji, kinawashtaki pia waliozituma bunduki hizo.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mwandishi wenu akienda kwenye maonyesho, amuulize msanii alichotumia kakipata wapi, kilikuwa cha nani, na kwa nini hakuchukua kingine. Majibu yapewe hata aya moja.

Msomaji wenu wa siku nyingi