Risala ya Kamati ya Kuhifadhi Kanisa la Wintersburg kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wachungaji, wazee wetu na wageni waalikwa,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja hapa Huntington Beach, California, tena kwa kushuka garini na kufika hadi kwenye uzio, jambo ambalo si wageni wetu wote waliopata nafasi ya kulifanya.

Historia yetu ni ndefu, nasi tutaifupisha. Misheni ya Wajapani ya Wintersburg ilianza mwaka 1904. Mwaka 1908, Mchungaji Terasawa na Charles Mitsuji Furuta walipata ekari hizi 5, miaka mitano kabla ya sheria ya California kuwazuia wahamiaji wa Kijapani kununua ardhi. Jengo la misheni na nyumba ya mchungaji vilijengwa mwaka 1910, na kanisa kubwa mwaka 1934. Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani na Japani, waumini waliondolewa kwa nguvu kwa sababu ya asili yao ya Kijapani, na wengi wakafungiwa katika kambi ya kizuizi ya Poston, Arizona.

Kuhusu mafanikio, mwaka 2014 mahali hapa paliingia katika orodha ya kitaifa ya maeneo 11 ya kihistoria yaliyo hatarini zaidi Marekani. Tunajivunia heshima hiyo, ingawa ni sawa na mgonjwa kusifiwa kwamba hali yake ni mbaya kuliko ya wenzake wodini. Aidha, tumekipaka rangi upya kibao chetu, na sasa kinasomeka hata kutoka barabarani.

Mheshimiwa, ombi letu ni moja: mkataba wa maandishi wa kuuziwa kiwanja hiki, wenye bei, tarehe na sahihi. Wafadhili tunaowaendea huuliza kwanza ardhi ni ya nani, nasi hujibu kwamba ni ya kampuni yenye mipango yake, na mazungumzo huishia hapo. Bila karatasi hiyo hatuwezi kuchangisha fedha za kununua, wala hatuna ruhusa ya kuingia ndani kuziba paa linalovuja.

Wageni rasmi waliokutangulia walituahidi, kila mmoja kwa ukarimu wake, kwamba suala hili "linafanyiwa kazi". Kumbukumbu za ahadi hizo tunazo, zimepangwa vizuri kwenye faili, na faili limenenepa. Wakati likinenepa, tarehe 25 Februari 2022 moto uliteketeza nyumba ya mchungaji, na jengo la misheni likabomolewa siku hiyo hiyo. Majengo yaliyokuwa sita yakabaki manne, likiwemo kanisa la 1934.

Kwa hiyo tunakuomba, kwa heshima zote, uwaite mezani mmiliki na wawakilishi wetu kabla ya mwezi huu kwisha, na wakati tukisubiri sahihi awekwe mlinzi wa usiku. Nakala ya rasimu ya mkataba imeambatanishwa na risala hii, pamoja na kalamu.

Tunaomba kuwasilisha.