Barua ya wazi kwa Waziri wa Pensheni wa Uingereza: kwa kodi mimi ni mtu mmoja, kwa pensheni ni watu wawili

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Leicester, mji ninaoishi mwaka wa kumi na nne sasa. Nakuandikia kwa Kiswahili, na wenzangu wataisoma barua hii kabla yako, kwa sababu wengi wetu tunaofagia ofisi alfajiri na kuwaogesha wazee jioni katika nchi hii hatujawahi kuelezwa jambo hili kwa lugha tunayoielewa bila kukunja uso. Binti yangu ataitafsiri na kukutumia kwa posta.

Nina kazi mbili. Saa kumi na nusu alfajiri napanda basi kwenda kusafisha jengo la ofisi katikati ya mji, natoka saa moja na nusu wenye ofisi wanapoanza kuingia. Jioni ni keya: nazunguka majumbani mwa wazee, nawalisha, nawabadilisha nguo, nahakikisha wamemeza dawa, nawalaza. Usafi unanipa pauni 650 kwa mwezi na keya pauni 700. Kwa mwaka ni 7,800 na 8,400. Jumla yake pauni 16,200, na ndizo ninazolipia kodi ya nyumba, chakula, na kutuma kidogo nyumbani Kisauni, Mombasa, kwa mama.

Ofisi ya kodi inazijua kazi zangu zote mbili. Tangu mwaka 2013 kila mwajiri anatakiwa kupeleka taarifa ya mshahara HMRC, yaani hiyo ofisi ya kodi, siku ile anayolipa au kabla yake, na wao ndio wanaojumlisha. Ndiyo maana karatasi yangu ya mshahara wa usafi ina herufi mbili, BR. Maana yake ni kwamba huyu ana kazi nyingine, mkateni asilimia 20 kuanzia pauni ya kwanza; hesabu zitasawazishwa baadaye. Sina ugomvi na hilo. Kodi ni kodi, na hospitali ninayotibiwa inatokana na kodi.

Lakini inapofika zamu ya pensheni ya kazini, nchi hiyo hiyo inasema haijui kwamba mimi ni mmoja.

Wenzangu wanaosoma, nisikilizeni kidogo, maana hapa ndipo tunapopotea. Sheria ya mwaka 2008, iliyoanza kazi Oktoba 2012, inamtaka kila mwajiri amwandikishe mfanyakazi kwenye pensheni bila kusubiri aombe. Tangu Aprili 2019 kiwango cha chini ni asilimia 8: 5 kutoka kwako, ikiwemo nafuu ya kodi, yaani kipande ambacho serikali inakuongezea badala ya kukukata kodi, na 3 kutoka kwa mwajiri. Asilimia hizo hazihesabiwi kwenye mshahara wote bali kwenye sehemu iliyo juu ya pauni 6,240 kwa mwaka. Ni sheria nzuri, nasema kwa moyo mweupe. Imewaingiza mamilioni ya watu ambao wasingejaza fomu ya pensheni hata siku moja maishani mwao.

Ila ina mlango. Ili uandikishwe ni lazima uwe na miaka 22 au zaidi, hujafikia umri wa pensheni ya serikali, na upate zaidi ya pauni 10,000 kwa mwaka katika kazi hiyo moja. Kazi hiyo moja, Mheshimiwa. Mimi ninayepata 16,200 sikuandikishwa kokote, kwa sababu usafi haufiki 10,000 na keya haifiki 10,000. Jirani yangu anapata pauni 16,200 zile zile kwa kazi moja ya ghala, naye aliandikishwa bila kuinua kalamu. Kwake kila mwaka zinawekwa pauni 796 na peni 80, na katika hizo 298 na peni 80 ni za mwajiri wake. Kwangu zilikuwa sifuri.

Utaniambia, kama alivyoniambia kijana mmoja kwenye simu, kwamba nina haki ya kuomba kuingizwa. Ni kweli. Anayepata kati ya 6,240 na 10,000 akiomba, mwajiri hana ruhusa ya kukataa, na lazima naye achangie. Tatizo ni kwamba zile 6,240 zinaondolewa mara mbili, mara moja katika kila kazi. Nikiomba kote kuwili, kinachohesabiwa ni 1,560 za usafi na 2,160 za keya, na asilimia 8 ya hizo kwa mwaka mzima ni pauni 297 na peni 60. Mwajiri mmoja na mwingine pamoja wananichangia 111 na peni 60. Saa ni zile zile, jasho ni lile lile, mshahara ni ule ule na jirani yangu, lakini akiba yangu haifiki hata nusu ya yake. Nilipiga hesabu hii mezani jikoni mara tatu nikidhani nimekosea, kisha nikamwamsha binti yangu aipige yeye.

Na wanaofanya kazi mbili mbili namna hii, Mheshimiwa, ni wanawake wengi kuliko wanaume. Ingia kwenye basi la alfajiri siku moja, utawaona.

Najua historia ya nchi hii katika mambo ya pensheni, kwa sababu nililazimika kuisoma. Tajiri wa magazeti Robert Maxwell alipokufa baharini Novemba 1991, ndipo ikagundulika kwamba zaidi ya pauni milioni 400 za mifuko ya pensheni ya makampuni yake, yakiwemo magazeti ya Mirror, zilikuwa zimechotwa. Wastaafu walisimama barabarani wakidai. Kutokana na kilio chao ilikuja sheria ya pensheni ya 1995. Halafu viwanda vingine vikafa vikiwa na ahadi zisizolipika. Wafanyakazi wa chuma wa Cardiff, kampuni yao ilipoanguka mwaka 2002, waliona pensheni zao za miaka yote zikiyeyuka. Ndipo Aprili 2005 ukaanza Mfuko wa Kulinda Pensheni, unaowalipa wastaafu kampuni yao ikifilisika, na Mdhibiti wa Pensheni mpya akaingia kazini mwezi huo huo. Maduka ya BHS yaliuzwa kwa pauni 1 mwaka 2015, yakafungwa mwaka uliofuata yakiacha pengo la pauni milioni 571 kwenye pensheni, na mmiliki wa zamani akaishia kukubali kulipa hadi pauni milioni 363. Sheria ya 2021 ikaongeza kifungo cha hadi miaka 7 kwa anayehatarisha pensheni za watu kwa makusudi.

Kila ukuta mlioujenga ulijengwa juu ya machozi ya watu, nami nawashukuru waliolia. Lakini tazama kuta hizo zinalinda nini. Zinalinda ahadi za makampuni makubwa kwa watu wao, na zinalinda fedha zikishaingia mfukoni. Sisi tuna njia ndefu ya kuufikia huo mfuko, na njiani hakuna taa.

Nikueleze yaliyonikuta. Kwenye keya niliandika barua ya kuomba kuingizwa, nikaingizwa. Mwezi wa kwanza nikaona mstari mpya kwenye karatasi ya mshahara: Pensheni, 7.20. Pauni 7 na peni 20. Nafuu ya kodi ilitakiwa kuongeza 1.80 na mwajiri 5.40, jumla 14.40. Nilifurahi kuliko unavyoweza kudhani. Karatasi zile nazitunza kwenye bati la biskuti juu ya kabati. Miezi ikaenda, mstari upo kila mwezi, 7.20, 7.20. Siku moja binti yangu akanifungulia akaunti yenyewe ya pensheni kwenye simu. Ndani yake palikuwa na sifuri. Miezi saba ya makato, na hakuna hata peni moja iliyofika.

Nilikwenda ofisini kwao na bati langu. Meneja akasema ni mhasibu. Mhasibu akasema ni mfumo. Mwezi wa nane zikaingia zote kwa mpigo, pauni 100 na peni 80 za miezi saba, bila peni ya fidia ya muda zilizokaa kwenye akaunti ya kampuni zikifanya kazi za kampuni. Wawili kati ya wenzangu walikuwa wameshaacha kazi na kurudi makwao. Sijui kama waliwahi kufungua simu zao.

Silitaji jina la kampuni hiyo hapa, maana haja yangu si kampuni moja. Haja yangu ni kwamba sheria yenyewe inampa mwajiri nafasi ya kuchelewesha. Mwajiri anayelipa kwa njia ya benki ana hadi tarehe 22 ya mwezi unaofuata makato kuyapeleka. Aliyenikata tarehe 1 Machi ana hadi tarehe 22 Aprili, wiki saba, na hajakosea lolote. Akipitisha hapo, kwa kawaida uchelewaji unangojewa ufikie siku 90 ndipo wasimamizi wa mfuko wauripoti kwa Mdhibiti, isipokuwa panaponuka udanganyifu mapema. Kukata na kwa makusudi kutopeleka ni jinai, naam. Lakini nani atafungua kesi ya pauni 7 na peni 20? Anayejua kwamba hakuna atakayefungua ni yule anayezishika.

Kisauni tulikuwa na chama cha kina mama. Kila Jumapili mweka hazina alikaa mkekani na daftari la mistari, unamkabidhi shilingi zako, anaandika jina lako na kiasi mbele ya macho yako, anakugeuzia daftari uone. Hakuna aliyemwambia, "Shika, utaandika wiki ya saba." Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mama yule hakuwa na kompyuta wala sheria ya Bunge.

Wala siombi jambo ambalo halijafanyika kwenye nchi tajiri kama yenu. Australia walikuwa na mlango kama wenu: mwajiri hakulazimika kumchangia anayepata chini ya dola 450 kwa mwezi katika kazi ile. Waliona unawaumiza wanawake na watu wa kazi vipande vipande, wakauondoa tarehe 1 Julai 2022. Tena wametunga sheria kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mchango utoke na mshahara, na uwe umefika kwenye mfuko ndani ya siku 7 za kazi. Wao nao wana vibanda vidogo, mikahawa ya watu watatu, wakulima. Hawakusema haiwezekani.

Na wewe mitambo unayo tayari. Taarifa ya mshahara wangu inafika serikalini siku ile ile, na makato ya pensheni yameandikwa humo. Kama kompyuta ya kodi inaweza kusema huyu ana kazi mbili, mkateni zaidi, kompyuta hiyo hiyo inaweza kusema huyu ana kazi mbili na jumla yake imepita 10,000, mwandikisheni. Inaweza pia kusema: hapa zimekatwa 7.20, mbona huko hazijafika?

Utaambiwa kwamba michango midogo italeta vifuko vidogo vidogo vingi vya kusahaulika. Ni kweli vipo, na serikali yako imeeleza nia ya kuviunganisha vile visivyozidi pauni 1,000. Viunganisheni. Ila msitumie udogo wa kifuko kama sababu ya kuninyima kifuko.

Nina neno moja zaidi, linatuhusu sisi tunaotarajia kurudi nyumbani uzeeni. Pensheni ya serikali ninayoichangia haipandi nikihamia Kenya; inaganda pale ilipokuwa siku niliyohama, wakati bei ya unga haigandi. Kwa mtu kama mimi pensheni ya kazini si ya kuongezea sukari kwenye chai. Ni chai yenyewe.

Ninachokuomba kinaweza kuanzia mezani kwako. Kiwango cha pauni 10,000 kinapitiwa kila mwaka na wizara yenu, na kimekaa pale pale tangu Aprili 2014. Mwaka huu kipitieni mkiwa na karatasi zangu mbili mbele yenu. Zile 6,240 Bunge lilishawapa mamlaka ya kuzipunguza au kuzifuta, pamoja na kushusha umri kutoka miaka 22 hadi 18, kwa sheria ya mwaka 2023; naandika barua hii na bado zinakatwa kwangu mara mbili. Zikifutwa, kila pauni ninayoifanyia kazi itahesabiwa, iwe ya alfajiri au ya jioni. Na mchango utoke siku ya mshahara, ukichelewa ulipwe na fidia yake, na taarifa ya kuchelewa inifikie mimi mwenye pesa kwa ujumbe wa simu, nisisubiri binti yangu akumbuke kunifungulia akaunti.

Alhamisi sina zamu ya jioni. Ukija Leicester, au ukiniita London, nitakuja na bati.

Wako,
Msafishaji wa alfajiri na keya wa jioni,
Leicester