Wauza magodoro watuambie uzito, si unene tu

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Miaka 22 nimeinamia mashine, kwa hiyo mgongo ndio mtaji wangu. Mwaka jana nilinunua godoro la futi 5 kwa 6, inchi 8, nikavutiwa na kitambaa chake (ndiyo maradhi yetu mafundi). Haikutimia miezi minne, katikati pamebonyea kama sinia. Nikilala chali kiuno kinazama, alfajiri naamka nimepinda kama ndoano.

Muuzaji akanijibu nikalale sakafuni, eti ugumu ndio dawa. Si kweli. Utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2003, wa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, ulionyesha godoro la ugumu wa kati liliwafaa kuliko gumu.

Ninachoomba ni lebo ionyeshe uzito wa sponji kwa kila mita ya ujazo. Unene hudanganya: sponji nyepesi hubonyea upesi hata ikiwa nene. Godoro la kipimo changu, sponji yake ikiwa ya kilo 25 kwa mita ya ujazo, godoro zima hufikia kilo 14 hivi. Ikiwa ya kilo 15, halifiki hata 9. Langu nililibeba kichwani mpaka nyumbani bila kutua, nikajiona nina nguvu!

Safari hii nimekwenda na mke wangu na mizani ya kuazima. Tulilala ubavu palepale dukani, muuzaji akanuna. Chaga nazo nimeziongeza mbili katikati.

Fundi Cherehani,
Ngamiani, Tanga