Jiki haitoi ukoko wa chooni hata umwage dumu zima

Wateja wetu wa Dar, hasa wale wanaotumia maji ya kisima, wanatupigia na swali lilelile: jamani nimemwaga jiki chooni wiki nzima, ule ukoko mweupe uko palepale, au hii jiki ni feki? Feki zipo ndio, ila mara nyingi jiki ya watu haina kosa, umeipa tu kazi isiyo yake.

Ule ukoko ni chokaa. Inakuja na maji ya kisima, maji yakikauka yenyewe inabaki, kesho inaongezeka juu yake. Sasa jiki inaua vijidudu na kung'arisha madoa ya rangi, ukiimwaga juu ya chokaa inakuachia chokaa nyeupe zaidi basi. Chokaa inataka kitu kichachu. Kwenye koki na kichwa cha shawa lowesha kitambaa na siki, kizungushie, kiache nusu saa hivi halafu sugua kwa mswaki wa zamani. Kwenye sinki la choo ndo unatumia ile dawa ya chooni yenye asidi. Ila kama sakafu ni terazo au marumaru ya jiwe lenyewe, siki na ndimu usiguse kabisa, asidi inalila hilo jiwe kama inavyokula ukoko na mng'ao unapotea.

Halafu hili naomba mnisikie vizuri. Usichanganye jiki na dawa ya chooni! Juzi tumefika nyumba moja tumemkuta dada amekaa barazani anakohoa, macho mekundu, kumbe alimwaga vyote viwili ili "iwe kali". Inatoka gesi ya klorini hapo, na vyoo vyetu vyenyewe vidirisha vidogo. Ikitokea toka nje kwanza, acha mlango wazi, ya choo baadaye.

Kwenye chupa ukiona neno hipokloraiti hiyo ni jiki hata kama imeandikwa jina lingine, ukiona haidrokloriki hiyo ni asidi.

Ukoko ukishakuwa mnene tuite, ila tuma picha kwanza, maana wengine wanatuita kutoa chokaa kumbe ni stiliwaya imeshakwangua ule mng'ao wa sinki, na hapo hata sisi hatuna dawa.