Moshi wa zambarau

Tukuyu, 3 Mei

Mpendwa Atupele,

Salamu kutoka huku kwenye mvua isiyokata. Hata saa sita mchana tunafundisha tukiwa na makoti.

Barua yako nimeipata. Unasema kidato cha tatu wako wanakariri tu kwamba metali ikikutana na halojeni, yaani kundi la kina klorini na iodini, hupatikana chumvi. Na wataamini vipi? Sodiamu huwaka ikigusa maji, ndiyo maana huhifadhiwa ndani ya mafuta. Klorini ni gesi ile iliyoua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915 katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Halafu mwalimu anakwambia vikiungana unatia kwenye maharage!

Juzi niliwatoa wangu nje, chini ya mparachichi, tukasimama upepo ukitupiga mgongoni. Kwenye kigae nikachanganya unga wa zinki na iodini iliyosagwa, vyote vikavu. Kimya. Wakaanza kuguna. Nikadondosha tone moja la maji. Atupele, ikachemka, moshi wa zambarau ukapanda hadi kwenye matawi na darasa zima likapiga kelele! Hapo ndipo walipotaka kujua. Kila atomu ya zinki inatoa elektroni mbili, kila atomu ya iodini inapokea moja, na joto linalotoka ndilo linaloigeuza iodini nyingine kuwa mvuke. Mabaki tuliyakoroga kwenye maji, tukachuja, tukakausha polepole. Ikabaki chumvi ya zinki, ambayo niliwakataza kabisa kuionja.

Ndipo binti mmoja akauliza, "Mwalimu, hii iodini ndiyo madini joto ya kwenye pakiti ya chumvi?"

Nikamjibu ndiyo, ila kwenye pakiti imeungana na potasiamu na oksijeni, tena kwa kiasi kidogo sana. Lakini moyoni nilikuwa kwa bibi yangu. Unakumbuka alivyofunga kitambaa shingoni hata kanisani, kuficha rovu, ule uvimbe wa shingo unaoletwa na kukosa iodini? Mvua hizi tunazozishukuru kwa migomba na chai ndizo zilizoosha iodini kwenye udongo wetu wa milimani, na chumvi ya ujana wake haikuwa na madini joto. Nikawasimulia. Kengele ikalia, hakuna aliyeinuka.

Jaribu na wewe, ila anza na ncha ya kijiko tu, nje, na wanafunzi wakae mbali na moshi. Likizo ya Juni ukishuka huku, tufanye pamoja na magnesiamu.

Wasalimie wote Mafinga.

Rafiki yako,
Tumaini